Aliyeniona Mteremkoni

Fisksätra, Stockholm
9 Juni 2025

Kaka yangu Evodius,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mguu umepungua uvimbe. Wifi mpe salamu zangu, mwambie yale majani ya chai aliyonifungia mwaka juzi bado ninayo, nayanywa Jumapili tu. Sisi huku wazima. Baridi imeondoka, miti yote kijani, watu wamevua makoti wanaota jua kama mijusi. Kazi ya usafi hospitali kule Flemingsberg naendelea nayo, magoti yanalia lakini nayanyamazisha. Misa ya Kiswahili ya mwezi huu tulijaa, Wakongo wakaimba mpaka padre akasahau saa.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii, tunaishia kupiga kelele mimi na wewe, majirani wanadhani tunagombana. Na hili si jambo la kupigia kelele.

Veneranda ameondoka. Usishtuke, hajatoroka. Ameondoka na baiskeli.

Mtoto wa miaka ishirini na tisa, muuguzi, mtu anayekabidhiwa roho za watu, amechukua likizo yote ya mwaka na nyingine akaombea juu yake, amefunga mifuko minne kwenye magurudumu kama wachuuzi wa ndizi, wakaondoka Jumamosi na mwenzake Laurence. Laurence ni msichana, Mrundi, wazazi wake nawajua, usianze. Wamepanda treni na baiskeli zao mpaka kusini kwa Wajerumani, na kutoka hapo wanaendesha. Kwenda wapi? Milimani. Milima yenye theluji mpaka Julai. Watapanda bonde la mto mmoja, watavuka mlima, wataangukia bonde lingine, watapanda tena, hivyo hivyo wiki kumi na moja, mpaka wafike kwenye barafu unapoanzia mto Rhone, waufuate mpaka baharini Ufaransa. Nikamuuliza, huko baharini kuna nini? Akasema hakuna kitu Mama, ni bahari. Nikamuuliza, treni haifiki? Akasema inafika.

Sasa kaka, niambie, mimi nimekosea kukasirika? Baiskeli ninavyoijua ni kitu cha kubebea. Inabeba ndizi, inabeba kahawa, inabeba mgonjwa. Mtu akisukuma baiskeli kupandisha mlima ni kwa sababu hana namna nyingine. Huyu ana kadi ya treni ya mwezi mzima mfukoni! Baba yake, Deo, angekuwa hai angefunga ile baiskeli kwa mnyororo na ufunguo angeumeza. Lakini Deo alimdekeza huyu mtoto, labda angemsaidia kusukuma.

Ramani ameibandika kwenye mlango wa friji, njia ameichora kwa kalamu ya kijani. Kila nikienda kuchukua maziwa nakuta milima.

Naomba umwandikie wewe. Wewe mwalimu, maneno yako yana uzito. Mimi nikisema ananijibu Kiswidi, Mama tulia, halafu anacheka, halafu ananibusu kichwani kwa sababu siku hizi ni mrefu kuliko mimi.

Kitu kingine kidogo kaka. Hii habari imenikumbusha. Ile baiskeli ya Baba, ile nyeusi, iliishia wapi?

Mdogo wako,
Leokadia

&nbsp;

Kashambya, Bukoba
1 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Leokadia,

Nakusalimu kwa upendo. Hapa nyumbani tunaendelea vyema kwa neema ya Mungu. Kahawa imeiva mapema mwaka huu. Mnyauko umeingia tena shambani, nimeng'oa migomba kumi na minne. Wifi yako anakusalimu. Mguu wangu ni ule ule.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kabla haijafika, picha ilikuwa imekwisha kufika. Veneranda amesimama kando ya baiskeli, amevaa kaptula ya kubana, nyuma yake wako ng'ombe wenye kengele shingoni. Picha hiyo imezunguka katika simu za ukoo mzima hadi kwa katekista, ambaye aliniuliza mbele ya watu, baada ya Misa, kama mpwa wangu amefukuzwa kazi.

Leokadia, mtoto huyo anabeba jina la mama yetu. Shemeji Deo hatunaye, na ndugu zake wameniachia mimi nizungumze nawe. Kuna jambo ambalo sikutaka kulitaja mapema. Ipo familia ya heshima hapa mjini. Kijana wao ni mhandisi. Wamemuulizia Veneranda, nao watafika kwangu tarehe 20 Agosti kwa mazungumzo ya awali. Nitakaaje na watu wa namna hiyo huku binti analala kwenye hema kando ya barabara za watu?

Huna haja ya mimi kumwandikia. Wewe ndiye mama. Mpigie simu, mwamuru arudi Stockholm mara moja. Usipofanya hivyo, usinitafute kusimama katika shughuli yake yoyote, wala usitegemee nikupokee Desemba kwenye Misa ya kuwaombea wazazi.

Barua hii nampa Ludovic, mwanangu wa ubatizo, anayekuja huko masomoni, ili isichelewe.

Kaka yako,
Mwl. Evodius (mstaafu)

&nbsp;

Fisksätra
19 Julai 2025

Kaka Evodius,

Shikamoo. Poleni sana na migomba, kumi na minne ni mingi, nimeiona kama maiti zimelala. Ludovic amefika salama, kijana mrefu, mpole, amekuja na fulana moja kama anakwenda Mwanza, nimempa koti la Deo limemkaa vizuri mpaka nikageuka nikatazama dirishani. Barua yako alinipa Ijumaa tarehe 11.

Nimefanya ulivyosema. Niliisoma jikoni nikapiga hapo hapo, viatu vya kazi sijavua. Walikuwa juu kabisa ya njia ya mlima mmoja unaitwa Albula, upepo unavuma kwenye simu kama mtu anapepeta. Nikamwambia mjomba wako amesema urudi, kuna watu wanakuja, unatuaibisha. Halafu akasema, Mama, nimepanda kwa muda wa saa nne kufika hapa, nilikuwa nataka nikupigie mimi nikuonyeshe. Nikasema rudi. Simu ikakatika, sijui mlima uliikata au yeye.

Tangu siku hiyo wamepumzika kijiji kimoja huko chini. Yuko salama. Tuishie hapo.

Lakini na mimi kaka niseme langu, maana limenikaa kooni wiki nzima. Huyo mhandisi amemuona wapi mwanangu? Mwanangu anajua? Ulipaswa kuniuliza mimi kwanza, mimi niliyemzaa kwa kisu, kabla ya kupanga viti. Na mambo ya kuniambia usipofanya hiki sikupokei Desemba, hayo ni maneno ya kumwambia dada yako? Nyumba ile ni ya Baba na Mama. Nikifika nitakaa kwenye ngazi, utanipita ukienda shambani na ukirudi.

Halafu nikwambie kitu. Kabla ya hiyo Ijumaa alikuwa ananipigia kila siku wakisimama kula. Ananieleza. Vijijini huko kuna magogo yaliyochongwa kama mtumbwi, maji ya mlima yanamiminika humo mchana kutwa, bure, unakunywa na ng'ombe anakunywa. Vibibi vinatoka bustanini vinawapa jibini. Kupanda wanapanda polepole, wanahesabu kona, mlima mmoja ulikuwa na kona ishirini na moja. Akasema kinachotisha kumbe si kupanda, ni kushuka, maana ukibana breki moja kwa moja ringi inachemka mpaka mpira unapasuka. Mimi nikamwambia, ndiyo, ubane na kuachia, ubane na kuachia, na makalio uyarudishe nyuma. Akasema, Mama! Umejuaje? Nikamwambia nilisikia kwa wauza ndizi.

Nilikuwa nimeanza kuizoea, kaka. Hilo ndilo ninalokuambia. Nilikuwa naamka natafuta ile kalamu ya kijani.

Kuhusu baiskeli ya Baba hukunijibu.

Leokadia

&nbsp;

Kashambya
8 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu. Mvua haijanyesha tangu katikati ya Juni. Tumeuza kahawa. Wifi yako anasumbuliwa na jino.

Ndani ya bahasha hii utakuta barua yako ya tarehe 19 Julai. Nimeisahihisha kwa wino mwekundu na kukurudishia. Usilichukulie kama dharau. Nimefundisha miaka thelathini na minane na mkono wangu hauwezi kuiacha sentensi isiyo na nukta. Mtu hujifunza hata akiwa mzee.

Nimesikia kutoka kwa ndugu kwamba Veneranda hajarudi. Umeniambia umefanya nilivyosema. Ulifanya nusu. Wageni wanakuja baada ya siku kumi na mbili, nami sijui nitawaambia nini.

Tena usinifanye mtoto mdogo kwa kuniambia ulisikia kwa wauza ndizi. Damu hii naijua inakotoka. Nilikuwa nimesimama pale kwenye kona, chini ya mteremko, siku ile ulipoichukua baiskeli. Gauni la shule umelikunja kiunoni, hukushika breki hata kidogo, unacheka peke yako kama mwendawazimu. Nilijua siku hiyohiyo kwamba usipozuiwa utatutia aibu. Ukazuiwa. Na tazama: uliolewa vizuri, ukafika Ulaya. Ungeachiwa, ungekuwa wapi leo? Sasa na wewe mzuie wa kwako.

Kaka yako,
Mwl. Evodius

&nbsp;

Fisksätra
30 Agosti 2025

Evodius,

Shikamoo. Naandika shikamoo kwa sababu Mama alinilea hivyo, na wewe umenitangulia kuzaliwa, hilo sikuondolei. Wifi apone jino lake, asukutue maji ya chumvi ya vuguvugu. Ludovic amepata chumba Flemingsberg karibu na chuo chake, Jumapili anakuja kula kwangu. Huku mvua imeanza, uyoga umeota mpaka kwenye nyasi za kituo cha treni. Salamu zimeisha.

Barua yako nimeipata Jumatano. Nimekaa nayo siku tatu kwa sababu siku ya kwanza ningeandika maneno ambayo hata padre angekataa kuyasikia.

Ulikuwa umesimama kwenye kona.

Evodius, mimi miaka hii yote nilijua siku ile walioniona ni Mungu na Mama Kamila. Mama Kamila alikuwa anapalilia maharage yake pale juu, mlangoni kwake, aliinua jembe akanipungia. Wewe nilijua uko mpirani. Uliniambia mwenyewe asubuhi, tuko kwenye baiskeli, wewe unakanyaga mimi nimekaa kwenye keria, ukasema leo nina mpira, utembee kurudi. Tulipotoka darasani nikatazama baiskeli imeegemea ukuta. Nikaichukua. Mara moja. Nilitaka kujua tu jinsi inavyokuwa ukiwa mbele.

Na jioni yake Baba akaniita. Hakunipiga. Ningeshukuru angenipiga. Akasema, nimeambiwa nilichoambiwa, kesho huendi. Nikauliza nani amekuambia. Akasema mtu mwenye macho. Kesho yake sikwenda, na kesho kutwa, na mpaka leo sijaenda. Darasa la tano, mwezi wa pili. Wewe ukaenda peke yako na baiskeli nzima, keria tupu. Na begi letu lilikuwa moja, daftari langu la hesabu lilikuwa humo, lina kurasa nyingi nyeupe, nikaja nikakuona unaandikia mazoezi yako nyuma ya jina langu.

Halafu leo unanitumia wino mwekundu.

Mwalimu mzima! Unanikosoa nukta! Nukta zangu ziko kwenye lile daftari, nenda ukazitafute. Mimi kuandika huku nimejifunza kwa kunakili majina ya dawa za kusafishia na kwa kuandika barua kwako wewe. Kwako wewe, maana niliona kaka yangu msomi nimwandikie vizuri, naandika kwanza kwenye karatasi chakavu halafu nanakili. Hii hapa sijainakili. Ipige wino mpaka kalamu ikaukie mkononi.

Lakini si hilo linaloniuma zaidi. Mama Kamila. Mimi nilimpa kosa Mama Kamila. Nilisema ni yeye mwenye macho. Sikumwamkia tena. Alikuwa akinipa mahindi ya kuchoma tangu niko mdogo, nikawa napita mlangoni kwake natazama upande wa pili, anaita Leoka, Leoka mwanangu, mimi kimya. Siku ya harusi yangu alileta mkeka, amesuka mwenyewe, nikauacha nyumbani makusudi. Alipokufa mwaka ule nilikuwa nimekuja likizo, niko pale pale Kashambya, mita mia mbili, sikwenda kumzika. Nilisema naumwa kichwa. Wewe ulikwenda. Ukarudi ukala, ukaniambia watu walikuwa wengi, na ulijua kwa nini nimebaki! Ulijua. Uliniangalia ukamega kipande kingine cha ndizi.

Ulichoka kunipakia? Nauliza kweli, nataka kujua. Ule mpandisho wa kutoka mtoni tulikuwa tunashuka wote kwenye baiskeli tunasukuma, mimi nasukuma nyuma, sikuwahi kukaa ukisukuma peke yako. Kama nilikuwa mzito ungesema. Ningetembea, Evodius. Ningeamka jogoo wa kwanza ningetembea bonde zima la mto Ngono kwenda na kurudi, miguu ilikuwa yangu.

Sasa na mimi nikwambie nililokuficha. Siku ile nilipompigia Veneranda juu ya mlima, aliteremka analia. Laurence ndiye aliyenipigia baadaye. Kona ya tatu macho yamejaa maji, akaingia kwenye kokoto, akaanguka. Kidevu nyuzi tano, ngozi ya kiganja yote ilibaki barabarani, gurudumu la mbele likapinda kama ungo. Upande wa pili wa ile barabara kuna ukuta mfupi wa mawe na baada ya ukuta hakuna kitu. Laurence alinipigia picha ule ukuta, sijui kwa nini, nadhani na yeye alikuwa ananikasirikia. Nimeutazama mpaka naujua mawe yake. Maneno yako yalipita mdomoni mwangu yakamwangusha mwanangu. Siku tisa hakutaka kuongea na mimi. Fundi wa kijiji akanyoosha zile njiti za gurudumu moja moja.

Siku ya kumi, barua nimeshakupelekea posta, akapiga. Akasema, Mama, gurudumu limepona. Narudi au naendelea? Sauti yake kama ya mtoto anayeomba kwenda chooni. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya friji. Nikatazama ile njia ya kijani. Nikasema endelea.

Ndiyo. Nilikuwa nimeshasema endelea kabla hata hujaniandikia habari za kona. Kwa hiyo usije ukasema nimefanya kwa hasira. Hasira nimeianza sasa.

Amepanda mlima unaitwa Oberalp, na mwingine unaitwa Furka, huo ndio mkubwa, ule wenye barafu. Ameona mto Rhone ukiwa mdogo wa kuruka. Akaufuata bonde hadi bonde, ukapita kwenye zabibu, ukaingia ziwani ukatoka, ukawa mpana kama Kagera. Tarehe 24 Agosti amefika baharini. Alinipigia amesimama majini na viatu. Nikamuuliza, kuna nini? Akasema hakuna kitu, Mama. Tukacheka mpaka Laurence akatunyang'anya simu.

Wale wageni wako waliketi? Natumaini chai ilikuwa ya moto.

Mambo mawili nataka unijibu. Kwa nini ulimwambia Baba. Na baiskeli iko wapi.

Leokadia

&nbsp;

Kashambya
2 Oktoba 2025

Mdogo wangu Leokadia,

Mvua zimeanza. Jino la wifi yako limeng'olewa. Nimepanda migomba mipya pale ilipokufa ile mingine. Mguu sasa natembea na fimbo.

Wale wageni walifika na wakaondoka. Wamepata kwingine.

Barua yako sikuisahihisha.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Ulikuwa umeniacha kwenye hesabu, ingawa mimi nilikuwa darasa la mbele yako, na mwalimu alikwisha kulisema hilo mbele ya darasa letu. Kisha nikakuona kwenye mteremko. Mimi mteremko ule nilikuwa nashuka nimeshika breki zote mbili mpaka chini. Kila siku.

Baiskeli ipo stoo, nyuma ya magunia. Sijaiuza. Wengi wameitaka.

Wifi yako anauliza kama Desemba utakuja.

Evodius

&nbsp;

Fisksätra
20 Oktoba 2025

Kaka Evodius,

Shikamoo kaka. Mpe wifi pole, jino likitoka mtu anakuwa mwepesi. Fimbo isiwe ya mti laini, tafuta ya mzambarau. Veneranda amerudi kazini, mweusi tititi kwa jua, kidevuni ana alama kama mkia wa panya, wagonjwa wanamuuliza naye anawasimulia mpaka wanasahau sindano. Nilimtaka radhi. Nilimpikia ndizi kwa nyama nikamtaka radhi kwa mdomo wangu, Mama kwa mtoto, na dari haikuanguka. Nakuambia ili ujue inawezekana.

Barua yako nimeisoma. Ni fupi. Kuna neno moja nilikuwa nalitafuta humo, nimeigeuza mpaka nyuma, nikaitazama bahasha ndani, halimo. Umenieleza sababu. Sababu nimeielewa, hata imeniuma kwa ajili yako, mtoto wa miaka kumi na mitano ameshika breki mbili. Lakini sababu si lile neno. Bado nimekasirika kaka, na nimeamua sitajikaza kuacha. Ikitaka kuisha itaisha yenyewe.

Hapa chini ya jengo letu kuna stoo za wapangaji. Baiskeli ya Veneranda ya utotoni ilikuwa humo. Nimeitoa. Jirani yangu Isra, mama wa Kisomali, alikuwa ananishikilia nyuma kwenye uwanja wa magari, anakimbia na baibui lake anapiga kelele, tazama mbele, tazama mbele wewe mwanamke! Watoto wa jengo zima wamekaa kwenye ukuta wanashangilia. Miaka sitini na miwili, magoti haya. Nimeanguka mara mbili, mara ya pili kwenye kichaka cha waridi pori, nimetolewa miiba na mwanangu muuguzi huku anacheka. Lakini mwili haujasahau. Wiki iliyopita nimeteremka peke yangu njia ya kwenda majini, Isra amebaki juu. Nilibana na kuachia. Katikati hapo nikaacha kubana.

Kwa hiyo Desemba nakuja. Tarehe 12, na Veneranda. Usiniulize utanipokea au hutanipokea, mimi nakuja nyumbani.

Yale magunia yatoe. Tairi zitakuwa zimekufa, nunua mpya, ringi isugue kutu, mnyororo uupake mafuta, na uangalie breki, zote mbili, maana nitakuwa nazo na nitaamua mwenyewe.

Misa ya wazazi ya asubuhi ikiisha tutakwenda kwa watoto wa Mama Kamila, mimi na wewe, na fimbo yako. Nitabeba ule mkeka, nimeambiwa na wifi bado uko darini. Nitautandika, nitakaa, na sitasema kitu. Atakayesema ni wewe. Utawaambia ni nani alikuwa na macho. Polepole, waelewe, kama ulivyokuwa unafundisha.

Halafu utashuka na fimbo yako mpaka kwenye kona, usimame pale pale uliposimama. Mimi nitaanzia mlangoni kwa Mama Kamila. Itakuwa mchana, watu wametoka kanisani, katekista yupo, ukoo wote na simu zao. Gauni nitalikunja.

Ukiniona napita, huna haja ya kwenda kumwambia mtu. Watakuwa wameona wote.

Mdogo wako,
Leokadia